Kompyuta kuukuu haijafa, imekosa wa kuijengea programu

Agosti 2025 mfumo wa Debian ulitoa toleo la 13, na kwa mara ya kwanza kompyuta za biti 32 za aina ya Intel (i386) hazikuwekewa kisakinishi wala kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kabla ya hapo, Aprili 2017, Firefox 53 ilikwishawafungia mlango watumiaji wa Linux wenye prosesa za Pentium III, kwa kuwa hazina kundi la amri liitwalo SSE2. Shule ya Dutwa, wilayani Bariadi, ikipewa msaada wa kompyuta za rika hilo, itaambiwa zimekufa. Si kweli, na inauma kuona mashine nzima ikitupwa. Kinachogoma ni programu iliyojengwa kwa amri ambazo prosesa haizijui. Msimbo wa programu huria uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo inaweza kujengwa upya, yaani kukompailiwa, kwa amri ambazo prosesa hiyo inazielewa.

Ugumu ni kwamba kompaila hula kumbukumbu na muda. Kompyuta ndogo ya kwanza ya Raspberry Pi, ya mwaka 2012, ilikuwa na prosesa ya megahezi 700. Kujenga kerneli ya Linux juu yake ni kazi ya saa nyingi, ilhali laptopu nzuri ya leo humaliza kwa dakika. Basi kazi ifanywe na laptopu. Kompaila ya GCC ikiandikiwa -m32 -march=pentium3, hutoa faili la Pentium III hata kama yenyewe inaendeshwa na prosesa ya mwaka jana, na faili hilo husafiri kwa flashi. Mkulima wa Dutwa naye hachambui pamba nyumbani. Huchambuliwa kwa mashine kiwandani. Mtego uko kwenye maktaba za programu: zisipolingana na za kompyuta lengwa, programu haifunguki. Ndiyo maana ni heri kutumia Buildroot, inayojenga kompaila, maktaba na kerneli kwa pamoja.

Wapo watakaosema umeme utaliwa bure, na wana haki. Prosesa za mwisho za Pentium 4 ziliweza kula zaidi ya wati 80 peke yake, wakati Raspberry Pi nzima ya awali ilitosheka na wati zipatazo 3.5. Kwa shule inayotumia umeme wa sola hilo ni jambo zito. Kompyuta za mezani za Pentium 4 ziachwe, zichukuliwe laptopu za zamani. Kuhusu usalama, kujenga upya ndiyo njia ya kupata marekebisho ambayo watengenezaji hawayaleti tena, na darasa la kuchapa halihitaji intaneti. Na utaalamu? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004. Mtu mmoja na laptopu moja pale Bariadi wangetosha kuanza: aorodheshe prosesa zilizopo kwa amri ya lscpu, kisha ajenge kwa ajili ya ile ya zamani kuliko zote, maana faili la Pentium III hufunguka pia kwenye prosesa za Intel zilizofuata.