Jamii kama Darasa: Msamiati wa Bahari katika Mafunzo ya Uwandani ya Wanafunzi wa Isimu ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wanafunzi wa vyuo vikuu wanavyoweza kujifunza isimu ya Kiswahili kwa kushiriki kazi za jamii za pwani badala ya kuzihoji kwa mbali. Kwa kutumia mifano ya msamiati wa vyombo vya bahari, majira ya maji na matamshi ya lahaja, yanaonesha kuwa ushiriki humwezesha mwanafunzi kupata data ambayo dodoso haliwezi kuifikia. Aidha, yanabainisha kuwa mafunzo ya aina hii hayakamiliki iwapo jamii iliyofundisha hairudishiwi matunda ya kazi yake.

1.0 Utangulizi

Suala la kuhusisha elimu na maisha ya jamii si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Julius Nyerere alikosoa elimu inayomtenga msomi na jamii yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likawataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Katika miaka ya 1980, wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha warsha za maonyesho kwa maendeleo vijijini, kazi ambayo Penina Mlama aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991. Kwingineko, John Dewey (1938) alisisitiza nafasi ya tajiriba katika elimu, naye David Kolb (1984) akaigawa safari ya kujifunza katika hatua nne: kutenda, kutafakari, kujenga dhana na kuijaribu dhana hiyo upya.

Isimu ya Kiswahili nayo ina mizizi yake uwandani. Maelezo ya Sacleux (1909) na Stigand (1915) kuhusu lahaja, pamoja na yale ya Whiteley kuhusu Kimtang'ata (1956), yalitokana na kuwasikiliza wazungumzaji. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa amekutana na lahaja katika majedwali pekee. Mwanafunzi huyo anajua kuwa lahaja zinatofautiana, lakini hajui tofauti hizo hugunduliwaje.

2.0 Kutoka Orodha ya Maneno hadi Kazi Yenyewe

Zana iliyozoeleka ya kukusanyia msamiati ni orodha ya maneno. Faida yake ni kwamba hurahisisha ulinganishi. Kasoro yake ni kwamba mtafiti huuliza yale tu ambayo tayari anayafahamu. Tuchukue mfano wa ngalawa. Kamusi humpa mwanafunzi maneno tengo na mrengu, yote yakihusu miti ya ubavuni inayokizuia chombo kisipinduke. Ni lipi hasa linataja gogo linaloelea na ni lipi linataja mti unaolishikilia? Na je, mgawanyo huo ni uleule katika kila kijiji? Maswali haya hayajibiwi kwa kusoma fasili. Hujibiwa pale mwanafunzi anaposimama kando ya chombo, akashika mti na kuuliza, au bora zaidi, anaposaidia kuufunga.

Ushiriki hufichua pia vitenzi, ambavyo orodha nyingi huvipa nafasi finyu kuliko nomino. Mwanafunzi anayekijua kitenzi bisha kwa maana ya kukanusha au kupiga hodi hukutana nacho chomboni kikiwa na maana ya kwenda kinyume na upepo kwa kugeuzageuza mwelekeo. Hapo huona kwamba dhana ya kushindana ndiyo inayounganisha ubishi wa maneno na ubishi wa chombo dhidi ya upepo. Vivyo hivyo, neno demani hutaja kamba ya tanga na pia majira ya mwishoni mwa kusi. Je, hizi ni maana mbili za neno moja au ni maneno mawili yaliyofanana kwa umbo? Somo la uhusiano wa kifahiwa, ambalo darasani hufundishwa kwa mifano iliyokwisha kutatuliwa, hapa hugeuka kuwa tatizo ambalo mwanafunzi analazimika kulitatua mwenyewe.

3.0 Ratiba ya Chuo na Ratiba ya Maji

Changamoto ya kwanza ya kiutendaji ni wakati. Chuo hupanga kazi za uwandani kwa wiki na saa, ilhali kijiji cha wavuvi hufuata mwezi. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na miamba hubaki wazi. Hizo ndizo siku ambazo wachokoaji pweza, wengi wao wakiwa wanawake, huwa mwambani. Kati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Zaidi ya hayo, wakati wa kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku.

Kikundi kinachofika kijijini asubuhi ya bamvua kikiwa na madodoso huwakuta wachache barazani na kuhitimisha kwamba wanawake hawakupatikana. Athari ya hitimisho hilo ni ya kitaaluma, kwani sampuli huelemea upande wa wanaume na istilahi za mwambani hukosekana katika data. Kumbe ratiba ya maji yenyewe ni sehemu ya data. Mwanafunzi aliyejifunza kuhesabu siku za bamvua pamoja na wenyeji amepata kwa wakati mmoja mfumo wa istilahi na mbinu ya kupanga utafiti.

4.0 Sikio kama Zana ya Utafiti

Eneo jingine ni fonolojia. Katika lahaja kama Kimvita, kaa wa baharini hutamkwa kwa mpumuo, ilhali kaa la moto halina mpumuo. Hali ni hiyohiyo kwa paa mnyama na paa la nyumba. Kihistoria, jozi hizi hueleweka kwa ngeli: nomino zenye mpumuo zilikuwa na kiambishi cha nazali, ambacho kilidondoka na kuacha athari yake kwenye konsonanti. Tahajia sanifu haioneshi tofauti hiyo. Mwanafunzi anayetegemea maandishi huona neno moja lenye maana mbili; anayekaa na wazungumzaji na kusahihishwa nao husikia fonimu mbili. Kusahihishwa huko ni muhimu, kwa sababu humweka mzee asiye na cheti katika nafasi ya mwalimu na kumweka msomi katika nafasi ya mwanafunzi.

5.0 Deni kwa Jamii

Iwapo jamii ni mwalimu, basi ina haki za mwalimu. Kibali cha utafiti na barua kwa sheha au mwenyekiti wa kijiji hufungua mlango tu, havimalizi wajibu. Maneno yaliyokusanywa yanapoishia katika tasnifu iliyofungiwa maktabani, chuo huwa kimevuna bila kupanda, na kundi la wanafunzi litakalofuata huenda likapokewa kwa ubaridi. Wanapoondoka wazee wanaojua kazi hizi, hasara huwa ya pande zote mbili.

Marejesho yanaweza kuwa ya kawaida kabisa: orodha ya msamiati yenye picha kwa ajili ya shule ya msingi ya kijiji, nakala za sauti kwa familia za waliorekodiwa, na kikao cha wanakijiji cha kuhakiki fasili kabla ya kazi kuwasilishwa chuoni. Kikao hicho kina faida ya pili, kwani makosa mengi ya fasili hubainika pale wenye lugha wanaposomewa kilichoandikwa kuhusu maneno yao. Majina ya waliofundisha nayo yatajwe, endapo wenyewe wameridhia.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa kujifunza kwa kushiriki humpa mwanafunzi wa isimu maswali ambayo hangeyauliza, data ambayo hangeisikia na wajibu ambao hangeujua. Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zipange kazi za uwandani kwa kalenda ya jamii inayohusika, na kwamba marejesho kwa jamii yawe sehemu ya kazi inayotahiniwa. Kinachotahiniwa ndicho mwanafunzi hukitilia maanani. Marejesho yakiachwa kuwa hisani, yatasahauliwa mara tu alama zinapotangazwa.