Kaseti za zamani zinalomba mashini, na mashini inalomba mikono

Mu mwaka wa 1986, kikundi cha teatri cha Mufwankolo kilitoka mu muji wetu wa Lubumbashi, kikaenda kucheza mu kijiji cha Kawama. Watu wa televizio walienda pamoja nao, na kamera yao. Ilikuwa wakati wa Zaïre, televizio ya inchi ilikuwa ingali inaitwa OZRT. Muchezo wote ulisimama juu ya neno moja ambalo wakubwa wanasemaka kwa Kifaransa: « le pouvoir se mange entier ». Maana yake, mamlaka inakuliwaka muzima, mutu haigawanye na mwenzake.

Neno hilo lilikuwa limemusumbua Johannes Fabian, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambaye alijua Kiswahili cha Katanga tangu kazi yake ya utafiti huku kwetu mu miaka ya 1960. Aliwauliza wachezaji wamuelezee. Wao hawakumujibu kwa maneno mawili matatu, walimujibu kwa teatri nzima. Mwaka wa 1990 akatoa kitabu, Power and Performance, na mule ndani maneno ya muchezo yameandikwa mu Kiswahili chetu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Ni vizuri kitabu kiko. Lakini mutu wa komini ya Kenya ao ya Kamalondo anayemukumbuka Mufwankolo hakumbuki maneno tu. Anakumbuka sura, mavazi, sauti inavyopanda, na watu wanavyoanza kucheka mbele mwenyewe hajafungua kinywa. Ile yote kitabu hakiwezi kuibeba. Inabebwa na mukanda wa video, na mukanda hausemi kitu bila mashini. Tunapozungumuza juu ya kulinda ukumbusho wa muji, tunaulizana kila mara: « Bakaseti biko wapi? » Ulizo lingine halisikiki sana: nani angali anajua kuendesha mashini ya kuzisoma?

Ukuta wa matofali

Kijana anayefanya montaji leo ku telefone anakata kipande, anakisogeza, akikosea anarudia nyuma kwa kidole kimoja. Wakati wa kaseti haikuwa vile. Mu chumba cha montaji mulikuwa mashini mbili. Moja ilisoma kaseti iliyotoka ku kamera, ingine iliandika ku kaseti mupya. Katikati yao palikuwa kisanduku cha vibonyezo, chenye kuzipa zote mbili amri.

Fundi alitafuta pale kipande kinaanzia na pale kinaishia, akaweka alama. Kiisha alibonyeza, na mashini zote mbili zikarudi nyuma, karibu sekonde 5, halafu zikaanza kwenda mbele pamoja. Hizo sekonde hazikuwa za bure. Mukanda unalomba nafasi ya kushika mwendo wake, sawa vile motokari haianzi na vitesi ya nne. Mashini zikifika ku alama zikiwa na mwendo mumoja, ile ya pili ilianza kuandika.

Kazi ilipanda sawa ukuta wa matofali, kipande juu ya kipande, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kama mukubwa alikuja kuangalia akasema: « Hapa katikati muongeze kaminuti kamoja », fundi alishika kichwa. Tofali haiingie katikati ya ukuta bila kubomoa zile za juu. Alikuwa na njia mbili: kuandika upya yote yanayofuata, ao kufanya kopi ya kopi. Na kila kopi inapoteza kitu. Rangi inatoka nje ya mistari yake, uso wa mutu unakuwa sawa vile uko nyuma ya pazia, sauti inajaa upepo. Ku VHS, kopi ya tatu tayari inachokesha macho.

Tena kulikuwa namna mbili za kuandika, na kuzichanganya kulitoa machozi mingi. Namna ya kwanza inaandika kila kitu: picha, sauti, na alama fulani zinazopita pembeni mwa mukanda, zenye kuambia mashini mwendo gani ishike. Zile alama ni sawa njia ya reli. Mutazamaji hazioni, lakini zikikatika picha inaruka ao inajipinda. Namna ya pili inaandika picha peke yake ao sauti peke yake, bila kugusa reli.

Juu ya ile, fundi mwenye akili alitayarisha kaseti yake mbele ya kazi. Aliijaza picha nyeusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, ili reli ipite bila kukatika. Kaseti ya minuti 60 ililomba minuti 60 za kungoja. Njia ya mukato hakukuwa.

Mashini moja, watu wengi

Mashini hizi zilikuwa bei kali. Mu studio nyingi, watu wa habari, wa teatri, wa muziki na wa michezo ya mupira walingojeana ku mulango wa chumba kimoja. Mutu mumoja akiharibu, kazi ya wote inasimama. Ndiyo sababu chumba cha pamoja kina sheria, na nyingi kati yao zinatoka mu kitu kimoja kidogo: kichwa cha kusomea.

Mu mashini ya VHS ya kwetu, kichwa kimefungwa ku ngoma ndogo inayozunguka mara 25 kwa sekonde. Mukanda una upana wa milimetre 12.7, lakini mustari mumoja wa picha ulioandikwa juu yake una karibu mikroni 49 tu, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Sasa fikiri vumbi jekundu la kiangazi chetu likiingia mule. Punje moja tu inatosha kufanya picha ijae mvua nyeupe.

Wanaoijua kazi wanasafisha kichwa hivi: wanachukua kipande cha ngozi laini, wanakilowesha na alkoli safi ya isopropili, wanakishika imara karibu na ngoma, kiisha wanazungusha ngoma yenyewe pole pole kwa mukono. Hawasugue kwenda juu na chini hata siku moja, juu ncha ya kichwa inavunjika. Pamba pia hawaitumie, nyuzi zake zinakamatia mule ndani.

Sheria zingine ni za kila siku. Kaseti ya bei haiingie ya kwanza mu mashini. Unajaribu kwanza na kaseti isiyo na maana, juu mashini mugonjwa inatafunaka mukanda. Usiache picha imesimama wakati unaenda kunywa chai: ngoma inaendelea kusugua pale pale, na mukanda unalika. Kaseti yenye kazi iliyokwisha, unavunja kiulimi chake cha plastiki, ili asiwepo mutu wa kuandika juu yake kwa bahati mbaya. Na karibu na mashini kunakaa kaye: nani ameingia, saa gani, kaseti gani, mashini imefanya makelele gani. Anayefuata anasoma mbele ya kugusa.

Hapa Lubumbashi kuko tena jambo moja la kujua. Inchi yetu ilifuata SECAM, njia ya rangi iliyotoka Ufaransa. Jirani yetu Zambia ilifuata PAL. Zote mbili zina mistari 625 na picha 25 kwa sekonde, lakini kila moja inaandika rangi kwa njia yake. Kaseti ya PAL ukiiweka mu mashini inayojua SECAM tu, inatoka nyeupe na nyeusi. Mu muji ulio karibu na mupaka kama wetu, kaseti za pande zote mbili zinaweza kukutana mu kabati moja. Kwa hiyo usiitupe ukisema rangi imekufa. Uliza kwanza mashini yako inajua lugha gani.

Saa inapita

Kupoteza kaseti si aibu ya Afrika peke yake. Ku London, BBC ilifuta kazi zake nyingi za miaka ya 1960 na 1970, juu mukanda ulikuwa bei na waliulomba kwa programu zingine. Doctor Who, ambayo Waingereza wanaipenda sana, mpaka leo inakosa vipindi vyake vingine.

Leo hatari si kufuta tena. Mu mwezi wa 7 wa 2016, Funai ya Japani, kompani ya mwisho iliyokuwa ingali inatengeneza mashini za VHS, iliacha. Tangu ile siku, kila mashini inayokufa haina mudogo wake. Mwaka wa 2015, arkivi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo: mukanda ambao haujageuzwa kuwa faili mbele ya 2025, pengine hautageuzwa tena. Ile tarehe tumekwisha kuifikia.

Tufanye hesabu pamoja. Kaseti ya saa moja inasomwa kwa saa moja, hakuna mwujiza. Mashini moja inayotumika saa 5 kwa siku, siku 5 kwa juma, inasoma saa 25. Kaseti 1000 za saa moja zinalomba majuma 40, kama hakuna kilichovunjika. Ku faili ya aina ya DV, kila saa inachukua karibu jigabaiti 13. Kaseti 1000 ni kama terabaiti 13, na unaziweka mara mbili, ku nafasi mbili tofauti. Ni kazi ya mwaka, lakini si mulima usiopandika.

Muji huu umekwisha kufanya kazi ya namna hii. Mu mwaka wa 2000, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walianzisha mupango wa Mémoires de Lubumbashi, na ukumbusho wa wakaaji wa kawaida ukaingia mu historia ya muji. Tangu 2008, Picha imekusanya watu wa foto na video mu Rencontres, kiisha mu Biennale. Kwa kaseti tunaweza kufikiri vile vile: chumba kimoja, mashini mbili tatu zilizopimwa, moja kati yao yenye kujua PAL na SECAM, kisanduku cha kunyoosha mwendo wa picha, ordinatere, na batri nzuri. Batri si anasa. Umeme ukikatika kaseti ikiwa ndani, mukanda unabaki umezungushwa ku ngoma, na kuutosha kunalomba mutu anayejua.

Kila familia kununua mashini yake mu soko ni njia mbaya. Itatafuna kaseti ya ndoa ya mama, ao ya matanga ya papa, mbele mutu hajajua shida iko wapi. Chumba cha pamoja kinapunguza bei, lakini zaidi kinaweka ujuzi pamoja: fundi anaona kaseti mia moja, anajifunza ku kila moja.

Mu kungoja kile chumba, ndugu musomaji, fanya haya nyumbani. Tosha kaseti chini ya kitanda, uzisimamishe sawa vitabu, mahali pakavu, mbali na dirisha na mbali na baflu ya muziki, juu sumaku yake inaweza kufuta. Andika ku kila moja jina, mwaka, na nani anaonekana ndani, wakati wakubwa wangali wanaweza kukuambia. Ukiona unga mweupe ku mukanda, ile ni ukungu wa majira ya mvua: usiiweke mu mashini hata kidogo, juu itaambukiza zile zingine zote. Itenge peke yake.

Na kama mu kartiye yenu kuko papa ao mama aliyefanyaka kazi ya montaji zamani, mumupelekee kijana mumoja akae karibu naye, na kaye ya kuandika. Kaseti iliyowekwa vizuri inaweza kungoja kidogo. Yeye mwenyewe, hatuwezi kumulomba angoje.