Kuua Vijidudu Katika Nafaka ya Mbegu za Uyoga

Umekwisha kujifunza kwamba uyoga si mmea kama mhindi au mharagwe. Hauna majani ya kijani, wala haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga ni aina ya kuvu. Sehemu kubwa ya mwili wake ni nyuzi nyembamba nyeupe ambazo hupenya ndani ya mti uliooza au majani makavu na kufyonza chakula humo. Kile tunachokichuma na kukila ni tunda lake tu.

Mkulima wa uyoga hupanda nyuzi hizo. Ili azipate nyingi, huzikuza kwanza katika nafaka iliyochemshwa, kama vile mtama, ulezi au ngano. Kila punje ikishazungukwa na nyuzi huwa kama mbegu moja. Chupa moja ya punje hizo hutosha kupanda mifuko kadhaa ya mabua au majani ya mgomba. Njia hii ya kutumia nafaka ilivumbuliwa Marekani na mwanasayansi James Sinden, ambaye alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1932. Wakulima wetu wa uyoga mamama huitumia pia.

Lakini chakula kinachoufaa uyoga huvifaa viumbe vingine pia. Katika punje za mtama mna bakteria na ukungu wa kila namna. Nyuzi za uyoga huhitaji wiki mbili au zaidi kuijaza chupa. Bakteria mmoja, akipata maji, chakula na joto la kutosha, huweza kugawanyika na kuwa wawili kwa muda wa nusu saa hivi. Fanya hesabu uone watakuwa wangapi baada ya saa kumi! Chupa ambayo vijidudu vyake havikuuawa hunuka uchungu na punje zake huteleza, au hufunikwa na ukungu wa kijani. Mkulima hana budi kuitupa chupa hiyo. Nafaka, kuni na kazi yake vimepotea.

Kwa nini kuchemsha hakutoshi?

Maji yanayochemka huua bakteria wengi kwa dakika chache. Hata hivyo, wako bakteria ambao wakipatwa na shida hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala humo. Ganda hilo huitwa spora. Mwanasayansi wa Ujerumani, Ferdinand Cohn, alieleza habari za spora za bakteria mwaka 1876. Baadhi ya spora huweza kukaa katika maji yanayochemka kwa saa kadhaa zisife. Chupa ikipoa, huamka na kuanza kula.

Ili kuziua kwa haraka, tunahitaji joto kupita lile la maji yanayochemka. Lakini maji yaliyo katika sufuria ya kawaida hayapiti digrii 100 za Sentigredi hata ukiongeza kuni. Katika miji ya mwinuko, kama vile Arusha, huchemka yakiwa na digrii 95 hivi tu, kwa sababu hewa ya huko husukuma kwa nguvu ndogo zaidi kuliko ya pwani.

Tukiufungia mvuke ndani ya chombo imara, mvuke huo husukuma kuta za chombo kwa nguvu. Nguvu inayosukuma kila sentimeta mraba tunaiita kanieneo. Kanieneo ikizidi ile ya hewa ya nje kwa kilo moja katika kila sentimeta mraba, maji ya ndani huchemka kwa digrii 120 hivi. Katika joto hilo la mvuke, spora hufa kwa dakika 15 hivi. Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Louis Pasteur, alitengeneza chombo cha namna hii mwaka 1879. Huitwa otoklevu. Hospitali hutumia otoklevu kuua vijidudu katika mikasi, visu na nguo za kupasulia wagonjwa.

Joto hufikaje katikati?

Ikiwa dakika 15 zinatosha kuua spora, kwa nini mkulima huiacha chupa ya lita moja katika mvuke huo kwa saa moja na nusu? Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako.

Chukua kopo dogo la maziwa na kopo kubwa la kilo mbili. Yajaze yote mawili mtama uliolowekwa. Yaweke katika sufuria ya maji yanayochemka, lakini maji yasiingie ndani ya makopo. Baada ya dakika 20, mwalimu achomeke kipimajoto katikati ya kila kopo. (Tumia kipimajoto cha maabara. Cha hospitali kitapasuka.) Utaona kwamba katikati ya kopo dogo pana joto zaidi. Nafaka hupitisha joto polepole, na katika kopo kubwa joto lina safari ndefu zaidi. Hii ndiyo sababu mfuko mnene wa nafaka huhitaji saa nyingi kuliko chupa, hata kama vyote viwili vimo katika chombo kimoja.

Kuchagua chombo

Tuseme shule yenu ina mradi wa uyoga, nanyi mnataka kuandaa chupa 60 za lita moja kila mwezi. Mtatumia chombo gani?

Sufuria ya presha ya kadiri huchukua chupa saba hivi. Ina mfuniko wenye mpira, vifungo, kipimo cha kanieneo na vali ya usalama ambayo hutoa mvuke ukizidi. Ni chombo kizuri kwa anayeanza. Kabla ya kuifunga vali, acha mvuke utoke kwa nguvu kwa dakika kumi hivi ili uifukuze hewa iliyomo. Hewa ikibaki, kipimo kitaonyesha kanieneo nzuri lakini joto litakuwa pungufu, na spora zitabaki hai. Watu wengi hulaumu mtama wao kumbe walikuwa na haraka hapa. Ukinunua sufuria iliyotumika, kagua mpira na vali kwanza, kisha uulize kama vipuri vyake vinapatikana. Sufuria isiyo na vali nzima usiinunue hata kwa bei ya bure.

Hata hivyo, 60 ukigawanya kwa 7 utapata mipiko tisa. Kila mpiko, pamoja na kupasha na kupoza, huchukua saa tatu hivi. Hizo ni saa 27 za kazi.

Pipa la lita 200 ni kubwa zaidi. Upana wake ni sentimeta 56 hivi, na chupa 20 zenye upana wa sentimeta 10 zaweza kukaa katika tabaka moja. Matabaka matatu ni chupa 60 kwa mara moja. Weka mawe chini, juu yake wavu wa chuma, na maji yasiyofika kwenye wavu. Panga chupa zilizozibwa kwa pamba na kufunikwa karatasi, kisha funika pipa kwa mfuniko uliolegea na gunia. Maji yakipungua, ongeza yale yaliyochemka.

Pipa halina kanieneo, kwa hiyo joto lake halipiti digrii 100. Spora tutaziuaje? Mwanasayansi John Tyndall aliyekuwa akifanya kazi London alipata jibu mwaka 1877. Pika kwa mvuke siku ya kwanza: bakteria walio macho hufa. Ziache chupa mahali penye joto hadi kesho. Spora, zikipata maji na chakula, huamka na kutoka katika maganda yake. Pika tena siku ya pili, nazo hufa. Siku ya tatu huwamaliza waliochelewa kuamka. Kila siku hesabu saa moja nzima tangu chupa za katikati zilipopata moto kabisa. Kuloweka mtama usiku kucha kabla ya kuupika husaidia kwa sababu hiyo hiyo. Ubaya wa njia hii ni kuni: moto huwashwa mara tatu.

Hatari! Mtu anaweza kuwaza, “Mbona tusilifunge pipa kwa nguvu ili lipate kanieneo?” Piga hesabu kwanza. Nusu ya upana wa mfuniko ni sentimeta 28. Eneo lake ni 22/7 × 28 × 28, yaani sentimeta mraba 2,464. Kwa kanieneo ya kilo moja katika kila sentimeta mraba, mvuke utausukuma mfuniko huo kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 2,464. Hiyo ni zaidi ya uzito wa magari mawili madogo. Bati la pipa halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Litapasuka, na mvuke utawababua wote waliokaribu. Pipa lisifungwe kabisa, hata kwa dakika moja. Hata sufuria ya presha usiifungue kabla kipimo hakijarudi kwenye sifuri.

Otoklevu kubwa huchukua chupa nyingi na huzimaliza kwa siku moja. Lakini bei yake ni kubwa, huhitaji umeme au moto mkali, na fundi wa kuikagua. Yafaa kituo kinachouza mbegu kila siku. Kwa shule yenye chupa 60 kwa mwezi, sisi tungechagua pipa. Kwa chupa 14, sufuria ya presha.

Usisahau kwamba mabua au majani ya mgomba ambamo mbegu zitapandwa hayahitaji kazi hii yote. Hayana wanga mwingi kama nafaka, na kuyapasha kwa digrii 60 hadi 70 kwa saa chache hutosha.

Ukimaliza kupika, ziache chupa zipoe ndani ya chombo kikiwa kimefunikwa. Chupa inapopoa huvuta hewa kupitia pamba. Ikipoa mahali penye vumbi, huvuta vijidudu vipya.

Maswali

1. Kwa nini shule iliyo Arusha isihesabu muda wa kupika katika pipa sawasawa na shule iliyo Dar es Salaam?
2. Mfuniko wa sufuria ya presha una nusu upana wa sentimeta 14. Mvuke wenye kanieneo ya kilo moja katika kila sentimeta mraba huusukuma kwa nguvu ya kilo ngapi?
3. Mkulima alipika chupa zake katika pipa siku ya kwanza na ya tatu tu. Baada ya wiki moja, chupa chache zilinuka uchungu. Eleza yaliyotokea ndani ya chupa hizo.
4. Ulizeni kijijini kwenu bei ya mzigo mmoja wa kuni. Kadirieni gharama ya kupika chupa 60 kwa siku tatu katika pipa, kisha mwilinganishe na gharama ya mipiko tisa ya sufuria ya presha.