Kuotesha Mkorosho

Napenda kuwaeleza wenzangu jambo lililonipa taabu. Mkorosho wa bibi, hapa kwetu Chikongola, ndio uliokuwa ukininunulia sare. Ulipoangushwa na upepo, niliotesha miche kando ya jiko; nilipoihamisha mizizi mikuu ikakatika, yote ikafa.

Bibi akanifundisha. Tia majini korosho zisizobanguliwa; zinazoelea usizipande. Chimba pale pale mti utakapokaa, uweke 3, upande ulioshikana na bibo ukielekea juu, ufukie kidogo tu. Baada ya wiki 3 hivi zitachipua. Bakiza mche mmoja imara. Mingine ikate, usiing'oe.

Mti wa mbegu huenda usifanane na mamaye, ndiyo maana wataalamu wa Naliendele hubebesha miche. Lakini huu wangu, ambao bibi huupima kwa fimbo yake kila jioni, sasa umefika magotini.