Kompyuta Ilalayo Salama na Kuamka na Maradhi

Katika maduka ya uchapaji yaliyo katikati ya mji wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, katika ofisi za shule na za vyama vya ushirika, na hata katika nyumba za watu binafsi kuanzia Laela hata Namanyere, aghalabu husikika lalamiko moja: kompyuta ya mezani iliachwa jioni ikiwa nzima, ikalazwa badala ya kuzimwa, na asubuhi ilipoguswa kibodi feni zilizunguka na taa ikawaka, kisha ama kioo kikabaki cheusi, ama kikageuka buluu, ama mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mwenye mali huipakia kwenye bodaboda akaipeleka kwa fundi, na fundi, kwa mazoea yaliyoenea mno kuliko yanavyostahili, huamua kupiga Windows upya. Kazi za mwenye mali hufutika, fedha hutoka, na maradhi hubaki pale pale. Muradi wa makala hii ni kuonyesha kwamba kompyuta ifayo wakati wa kuamka mara nyingi imedhurika usiku, ingali imelala, na kwamba mtu asiye fundi anaweza kuifanyia sehemu kubwa ya uchunguzi kabla hajatoa hata shilingi moja.

Yafaa kwanza ijulikane kompyuta hulala vipi. Utaratibu wa usingizi huu umo katika kanuni iitwayo ACPI, iliyotolewa na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba mwezi wa Desemba 1996, na kwa kanuni hiyo hali za usingizi zimepewa namba. Katika hali ya tatu, itumiwayo na kompyuta nyingi za mezani, kichakataji huzimwa, diski husimama, feni hunyamaza na kadi ya picha hunyimwa umeme, illa ramu peke yake, ile kumbukumbu ya muda iliyobeba kazi zote zilizokuwa wazi, huendelea kulishwa umeme kidogo. Ramu haina uwezo wa kuhifadhi kitu pasipo umeme. Kila chembe ya habari iliyomo hufifia, na sharti ihuishwe kila baada ya milisekunde 64, usiku kucha, bila kukosa hata mara moja. Ni kama makaa ambayo mama hufukia katika majivu usiku wa baridi ya Ufipa ili asubuhi apate moto bila kwenda kwa jirani: yakizimika usiku, hakuna wa kumwamsha kumwambia.

Umeme huo mdogo hutoka katika njia ya pekee ya pawa saplai, yenye volti 5, ambayo haizimiki maadamu waya umechomekwa ukutani. Katika pawa saplai za kawaida njia hii hutoa kiasi cha ampia 2 au 3 tu, na kutoka humo hulishwa ramu, kadi ya mtandao ingojayo kuamshwa, kibodi, kipanya, na katika mazabodi nyingi matundu ya USB pia. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalidhani. Mtu anapoacha simu yake ikichaji usiku kwenye tundu la kompyuta iliyolala, simu hiyo hugawana na ramu ule umeme mchache. Pawa saplai mpya huvumilia. Lakini ile iliyotumika miaka mingi Ulaya au Dubai kabla ya kufika Rukwa kama mtumba ina njia ya volti 5 isiyopata kupumzika hata siku kompyuta ilipozimwa, na kapasita zake aghalabu zimekwisha kukauka. Volti hushuka, chembe chache za ramu hupotea, wala hakuna ajuaye mpaka asubuhi, kichakataji kinapoamka na kusoma upuuzi mahali palipokuwa na amri sahihi. Kapasita iliyozeeka huzidi kudhoofika penye baridi, na Sumbawanga, iliyo kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina asubuhi za Juni na Julai ambazo mtu wa Dar es Salaam hazijui. Kompyuta isumbuayo asubuhi za Julai na kutulia mwezi wa Novemba imekwisha kutoa ushahidi wake dhidi ya pawa saplai, na ushahidi huo usipuuzwe.

Ama kuhusu umeme wa ukutani, mkaaji wa Rukwa ana sababu zake za kuushuku. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwamo katika gridi ya taifa. Umeme wake ulinunuliwa Zambia na kuletwa kutoka Mbala kwa njia ya kilovolti 66, ukisaidiwa na mitambo ya dizeli ya TANESCO, na mji ulio mwisho wa njia ndefu hupata volti zinazoyumba zaidi kuliko mji ulio karibu na chanzo. Juu ya hayo, Ufipa ni nchi ya mahindi, na mashine ya kusaga inapowashwa asubuhi, mota yake kwa muda mfupi huvuta umeme mara tano au sita ya kawaida yake, taa za majirani zikafifia. Pawa saplai iliyo nzima, ikiwa na mzigo kamili, hustahimili kukosa umeme kwa milisekunde 16 au 17 hivi, muda usiotimiza hata mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Iliyochoka hustahimili chini ya hapo. Kompyuta inayoamka nayo hudai umeme mwingi kwa ghafla, diski ikianza kuzunguka, feni zikianza kupuliza, kadi ya picha ikishtuka, na iwapo saa ya kufungua duka ndiyo saa ya jirani kuwasha mashine yake, si ajabu kuamka kukawa ndiko kufa.

Kisha kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zikiisha saa nane za usiku, ramu hukatiwa umeme na yote yaliyokuwamo hupotea. Asubuhi mwenye duka hununua umeme kwa simu, akaingiza tokeni, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikaanza upya ikidai kwamba haikuzimwa vyema. Mtu huyo husema kompyuta yake imekufa ilipoamka, ilhali ilikufa usiku na haikuamka kamwe. Dawa ya hili imo ndani ya Windows tangu Vista ya mwaka 2007: ni usingizi wa namna mbili kwa pamoja, uitwao hybrid sleep katika mipangilio ya umeme, ambao kabla ya kulala huandika nakala ya ramu katika diski, ili umeme ukikatika kazi irejeshwe kutoka humo. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, katika mkoa huu, sioni udhuru wowote wa kuuacha umefungwa.

Uchunguzi wenyewe hautaki vyombo, wataka subira na karatasi ya kuandikia saa na hali ya kila tukio. Ilaze kompyuta kwa dakika tano, uiamshe. Kisha ilaze usiku mzima, bila simu wala flashi kwenye matundu yake, uiamshe. Ikiwa hufa hata baada ya dakika tano, shaka ielekee zaidi kwenye draiva, zile programu ziendeshazo vifaa, na bayosi, programu ya kuwashia mashine. Ikiwa huvumilia dakika tano na kushindwa usiku, shaka ielekee kwenye umeme na ramu. Baada ya hapo fanya jaribio ambalo mimi nalipa daraja la juu kuliko yote: ilaze kwa usingizi wa diski, ambao katika orodha ya Windows huandikwa Hibernate, na usipoonekana hufunguliwa kwa amri ya powercfg /h on katika dirisha la amri lenye idhini ya msimamizi. Katika usingizi huo ramu haihitaji umeme abadan, kwa kuwa kila kitu kimeandikwa diskini, lakini draiva zote sharti ziamke vile vile. Basi kompyuta iamkayo salama kutoka diskini na kufa itokapo katika usingizi wa kawaida inaishuhudia ramu na umeme wake mdogo, au bayosi iliyopitwa na wakati. Na ile ifayo kwa namna zote mbili inaishuhudia draiva, na ya kwanza kushukiwa ni ya kadi ya picha, kisha ya kadi ya mtandao.

Ushahidi mwingine umo ndani ya mashine yenyewe, katika daftari la matukio liitwalo Event Viewer, sehemu ya System. Tukio namba 42 la Kernel-Power huonyesha saa kompyuta ilipolala. Tukio namba 1 la Power-Troubleshooter huonyesha kwamba iliamka, na mara nyingi hutaja kilichoiamsha. Tukio namba 41 husema iliwashwa tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Ukiona 42 ya jioni kisha 41 ya asubuhi, na katikati hapana namba 1, basi mashine haikuwahi kuamka sawasawa, na umeme ndio wa kuulizwa kwanza. Ndani ya tukio 41 soma pia BugcheckCode: ikiwa 0, mashine ilikatika au iliganda bila kupata nafasi ya kuandika sababu, ikiwa 159, kuna draiva iliyoshindwa kubadili hali yake ya umeme, na hapo ndipo mahali pa kusasisha draiva, wala si pa kupiga Windows.

Ramu isitangazwe kuwa haina hatia upesi. Programu ya MemTest86 huipima mashine ikiwa macho, na ramu iliyofaulu huko huweza kushindwa usingizini, maana umeme ulioibeba si ule ule. Fundi atoe vipande vyote, asafishe midomo yake, arudishe kimoja kimoja, na kama kasi ya ramu iliongezwa katika bayosi, airudishe katika kiwango cha asili.

Wapo wasemao, "Mimi siilazi, naizima, na asubuhi yasumbua vile vile." Hao nao wana haki, kwa kuwa tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: moyo wa Windows huandikwa diskini na kurejeshwa asubuhi kwa njia iitwayo Fast Startup. Waifunge njia hiyo, wajaribu upya. Na ile iamkayo vyema ikafa baada ya dakika kadhaa ina kisa kingine, cha joto: feni iliyokataa kuzunguka, au vumbi la kiangazi lililoziba mapezi ya kupozea, katika nchi ambayo hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani na hivyo hupoza kidogo.

Endapo majaribio yote yanaielekea pawa saplai, fundi mwenye mita apime waya wa zambarau, ulio wa ile njia ya volti 5, kompyuta ikiwa imelala. Volti ziwe kati ya 4.75 na 5.25. Baadhi ya kompyuta za ofisi za kampuni kubwa zina waya za mpango wao wenyewe, na hizo zijaribiwe kwa kubadilishiwa pawa saplai ya aina yake. Mwenye mali asiifungue pawa saplai kwa hali yoyote, kwani kapasita kubwa iliyo ndani huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Na asiye na fedha ya kuibadilisha mwezi huu, ahifadhi kazi zake kila jioni, aizime kompyuta kabisa, wala asikubali diski yake ifutwe na mtu ambaye hajamwuliza kompyuta ililala saa ngapi na umeme ulikuwaje usiku huo.