Historia ya Philadelphia 76ers (1): Saa Iliyozaliwa Syracuse

Mpenzi wa kandanda anamfahamu kipa aangukaye dakika ya 85 bila kuguswa. Hugaagaa mpaka machela ifike, kisha huinuka mzima kama hakuna lililotokea. Timu yake inaongoza, naye anakula muda. Katika mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani ulikuwapo wakati ambapo timu nzima ilifanya hivyo, tena si mwishoni tu mwa mchezo, na ujanja huo nusura uiue ligi.

Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons walikwenda Minneapolis kucheza na Lakers, ambao walikuwa na George Mikan, jitu la futi sita na inchi kumi. Wageni walijua kwamba wakishindana naye kwa kurusha, wamekwisha. Basi wakaushika mpira, wakasimama nao. Hakuna kanuni iliyowalazimisha kuurusha. Dakika 48 zilipokwisha, wageni walikuwa wameshinda 19 kwa 18. Robo ya mwisho ilizaa pointi nne tu, za timu zote mbili.

Aliyekuwa nyuma naye alikuwa na dawa yake: kumchezea rafu mwenye mpira. Yule atatupa mtupo wa adhabu, halafu mara nyingi mpira unakuja kwako. Lakini dawa hiyo hata aliye mbele aliweza kuinywa, na mechi ikageuka foleni ya mitupo ya adhabu. Machi 1953, katika mchujo, Boston Celtics waliwafunga Syracuse Nationals 111 kwa 105 baada ya muda wa nyongeza kuongezwa mara nne. Zilifanywa faulo zaidi ya 100. Bob Cousy wa Boston alifunga pointi 50, na 30 kati ya hizo ni za mitupo ya adhabu. Mechi hiyo husimuliwa hadi leo kama ushujaa wa Cousy. Mimi nikiitazama naona mgonjwa mahututi.

Hao Nationals walioshindwa ndio 76ers wa leo. Mwenye timu, Danny Biasone, alizaliwa Italia, akaletwa Marekani akiwa mtoto. Riziki yake ilitoka kwenye ukumbi wa bolingi, mchezo ule wa kubingirisha tufe zito likaangushe vigingi kumi. Aliianzisha timu mwaka 1946 pale Syracuse, mji wa wastani katika jimbo la New York, na mwaka 1949 ikaingia NBA, ligi hiyo ya kulipwa.

Biasone alijiuliza swali la mfanyabiashara: mechi iliyowafurahisha watazamaji ilikuwa na mirusho mingapi? Alipozipitia hesabu aliona kila timu hurusha kama mara 60, jumla 120. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Basi kila timu ipewe sekunde 24 za kurusha, ikishindwa inyang'anywe mpira. Katika kazi hiyo alikuwapo pia Leo Ferris, meneja wa timu, ambaye wasimulizi wengi humruka, na sioni kwa nini.

Agosti 1954 saa ya kuhesabu sekunde hizo ilijaribiwa katika ukumbi wa shule mjini Syracuse, wakubwa wa ligi wakitazama. Ligi ikaanza kuitumia, pamoja na kanuni ya kuweka kikomo cha faulo za timu kwa kila robo. Bila hiyo ya pili, saa peke yake isingefua dafu. Msimu uliofuata wastani wa pointi za timu kwa mechi ulipanda kutoka 79.5 hadi 93.1. Huku kwetu, chini ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, tuliishi na sekunde 30 mpaka mwaka 2000, ndipo tukaifuata hesabu ya Biasone.

Matunda ya kwanza aliyala mwenyewe. Fainali ya 1955 iliwakutanisha Syracuse na Fort Wayne, wale wale wa 19 kwa 18. Mechi za nyumbani za Fort Wayne zilihamishiwa Indianapolis kwa sababu ukumbi wao ulikuwa umeshikwa na mashindano ya bolingi! Katika mechi ya saba, mjini Syracuse, Fort Wayne waliongoza 41 kwa 24. Miaka minne nyuma wangeukumbatia mpira mpaka kipenga cha mwisho. Safari hii saa iliwalazimisha kurusha, na Syracuse wakawafikia kidogo kidogo. Zikiwa zimebaki sekunde 12, George King wa Syracuse alifunga mtupo wa adhabu, kisha akapokonya mpira: 92 kwa 91. Nyota wao alikuwa Dolph Schayes, na kikosini walikuwamo Earl Lloyd na Jim Tucker, weusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NBA.

Lakini mchezo uliopendeza ulivuta fedha, na fedha zikaifuata miji mikubwa. Fort Wayne walihamia Detroit mwaka 1957, Lakers wakaenda Los Angeles mwaka 1960. Philadelphia ilipoachwa na timu yake, Warriors, mwaka 1962, ilibaki na mashabiki wasio na timu. Mwaka 1963 Biasone aliiuza Nationals, ikahamishiwa huko na kupewa jina la 76ers, kwa ukumbusho wa uhuru wa Marekani uliotangazwa katika mji huo mwaka 1776. Syracuse imebaki na mnara wa saa katika uwanja wa Armory, unaohesabu kutoka 24 kushuka hadi sifuri, kisha ukaanza tena.

Juma lijalo: Wilt Chamberlain arudi nyumbani.