Akiba ya Uzeeni Iliyokatwa Kupita Kiasi: Jinsi ya Kuisahihisha

Mwenye daftari na aliweke karibu, na mwenye kalamu aishike, kwa maana somo la leo lina hesabu. Hesabu yenyewe ni ndogo, mtoto wa shule aweza kuifanya. Lakini asiyeifanya huweza kupoteza mshahara wa wiki mbili na zaidi bila kujua umekwenda wapi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Twasema leo juu ya mchango wa akiba ya uzeeni. Mfuko wa kwanza wa namna hii kwa wafanyakazi wengi wa nchi yetu ulianzishwa mwaka 1964, ukaitwa Akiba ya Wafanyakazi. Kwa sheria ya mwaka 1997 ukageuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Watumishi wa serikali wana mfuko wao, PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyokuwapo.

Viwango ni hivi. Mfanyakazi wa kampuni, wa kinu cha mpunga au wa duka, aliye katika NSSF, huchangiwa asilimia 20 ya mshahara wake. Mwajiri aweza kumkata asilimia 10, wala asizidishe; sehemu iliyobaki hutoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe. Mtumishi wa serikali, kama mwalimu au mwuguzi, hukatwa asilimia 5, na mwajiri hutoa 15. Tazama basi: katika mifuko yote miwili jumla ni 20, lakini sehemu ya mfanyakazi si moja. Hapo ndipo makarani wengi hujikwaa.

MFANO WETU

Tuchukue karani wa kinu cha kukobolea mpunga. Mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Asilimia 10 ni shilingi 60,000. Hizo hutolewa kwanza, kisha kodi huhesabiwa juu ya kilichobaki, yaani shilingi 540,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo mpaka 520,000 kodi ni asilimia 8. Hizo ni shilingi 250,000, na kodi yake ni 20,000. Zilizobaki ni shilingi 20,000, ambazo hutozwa asilimia 20, yaani 4,000. Jumla ya kodi ni shilingi 24,000. Karani wetu apaswa kupokea mkononi shilingi 516,000.

Sasa, mtunza hesabu wa kinu aliona neno "asilimia 20" akadhani yote hukatwa kwa mfanyakazi. Akamkata shilingi 120,000. Akahesabu kodi juu ya 480,000, akapata shilingi 16,800. Karani akapokea 463,200. Yakaenda hivyo miezi sita, tangu Januari hata Juni.

Hapa pana makosa mawili, wala si moja. La kwanza, karani amekatwa mchango zaidi kwa shilingi 60,000 kila mwezi. La pili, kodi iliyopelekwa serikalini imepungua kwa shilingi 7,200 kila mwezi, kwa sababu nafuu ya kodi hutolewa kwa mchango ule unaotakiwa na sheria, wala si kwa kila shilingi iliyokatwa. Anayesahihisha kosa la kwanza akaliacha la pili hajamaliza kazi.

FEDHA ILIYOZIDI IKO WAPI?

Hili ndilo swali la kuuliza kwanza. Ukiitafuta fedha mahali isipokuwapo, hutaipata. Kabla hujapanda basi kupita Tukuyu kwenda ofisi ya NSSF mjini Mbeya, piga mistari katika daftari ufanye safu nne: mwezi, mshahara, nilichokatwa, kilichofika Mfuko. Safu tatu za kwanza utazijaza kutoka katika hati zako za mshahara. Safu ya nne utaijaza kutoka katika taarifa yako ya michango, ambayo kila mwanachama ana haki ya kuiona. Kisha tazama safu ya mwisho.

Ikiwa Mfuko umepokea shilingi 120,000 kwa kila mwezi, hesabu ya Mfuko ni sawa. Haina kilichozidi. Maana yake ni kwamba mwajiri hakutoa sehemu yake, bali amekutwika wewe mzigo wote. Fedha yako iko kwa mwajiri, naye ndiye wa kukurudishia. Usiuombe Mfuko.

Ikiwa Mfuko umepokea shilingi 180,000, basi mwajiri alitoa sehemu yake, na wewe ulikatwa mara mbili. Zilizozidi, 60,000 kwa kila mwezi, ziko katika Mfuko. Hapo mwajiri ndiye wa kuandika barua, kwa kuwa ndiye aliyelipa. Ataje miezi, majina, namba za uanachama na kiasi kilichozidi, aambatishe risiti, na aombe maelekezo ya kurudishiwa. Asiamue peke yake kupunguza mchango wa mwezi unaofuata ili "kufidia". Katika vitabu vya Mfuko mwezi huo utaonekana una upungufu, na mchango uliochelewa hutozwa adhabu.

Ikiwa Mfuko umepokea pungufu ya 120,000, au haukupokea kitu, hilo ni jambo la namna nyingine. Hapo hakuna kilichozidi, kuna deni. Upelekee Mfuko habari mapema, maana una mamlaka ya kumdai mwajiri, hata mahakamani.

Pana na jambo jingine la kuangalia sana. Mara nyingi mwezi mmoja huonekana umelipiwa mara mbili, na mwezi wa jirani yake u mtupu: Machi umeandikwa mara mbili, Aprili haumo. Aonaye Machi tu hufurahi au huomba arudishiwe. Hasha! Fedha hiyo ni ya Aprili. Iombee ihamishwe mahali pake. Pensheni ya uzeeni ya NSSF hutaka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mtu aliyefikisha miaka 60 akiwa na miezi 178 hawezi kusema kwamba miwili ililipwa mara mbili, kama hakuisahihisha mapema.

KUSAHIHISHA KODI

Mchango ukishajulikana, igeukieni kodi. Mwajiri hupeleka kodi ya mishahara kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa miezi ile sita kodi imepungua shilingi 43,200. Mwajiri asahihishe taarifa za kila mwezi, mwezi mmoja baada ya mwingine, alipe kilichopungua, pamoja na riba kama atatozwa. Yeye ndiye aliyepewa na sheria kazi ya kukata, kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Kodi yenyewe ni ya mfanyakazi, nayo aweza kuidai kwake; lakini riba iliyoletwa na kosa la mwajiri, haki ni kwamba aibebe aliyekosea.

Basi karani atarudishiwa nini? Mchango uliozidi ni 60,000 mara sita, yaani 360,000. Toa kodi iliyopungua, 43,200. Zabaki shilingi 316,800. Asidai zaidi, wala asikubali pungufu. Tena apewe hati mpya za mshahara kwa miezi yote sita, na kumbukumbu hizo zitunzwe si chini ya miaka mitano.

NCHI ZA WENZETU

Jambo hili si letu peke yetu. Jirani zetu wa Kenya wana kikomo cha mchango unaopata nafuu ya kodi: kilikuwa shilingi zao 20,000 kwa mwezi, kikapandishwa kuwa 30,000 kwa sheria iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024. Kinachozidi hapo hutozwa kodi kama mshahara. Marekani ni wakali zaidi. Mtu aliyeweka kupita kiasi katika akaunti yake binafsi ya uzeeni hutozwa asilimia 6 ya kilichozidi, kila mwaka kinapoendelea kukaa humo, mpaka akitoe. Akikitoa, pamoja na faida iliyozaliwa nacho, kabla ya muda wa kupeleka taarifa ya kodi kwisha, huepuka tozo hilo. Funzo ni lile lile kila mahali: kosa lililogunduliwa mapema hugharimu kidogo.

Na wewe mkulima wa kakao au mpunga, usiseme somo hili halikuhusu. Mtu aliyejiajiri aweza kujiunga na NSSF kwa hiari yake. Lakini wewe huna mtunza hesabu. Daftari lako ndilo karani wako. Andika kila malipo, tunza kila risiti.

KAZI YA KIKUNDI

1. Kila mmoja alete hati moja ya mshahara, wapige hesabu pamoja.

2. Mfanyakazi wa duka, mwanachama wa NSSF, hupata shilingi 500,000. Amekatwa asilimia 20, na kodi imehesabiwa vivyo hivyo. Je, kodi imepungua kiasi gani kwa mwezi?

3. Mfuko umepokea shilingi 100,000 tu kwa mwezi huo. Je, fedha iliyozidi iko kwa nani?

Majibu: Swali la 2, kodi ya haki ni shilingi 14,400, iliyokatwa ni 10,400, imepungua 4,000. Swali la 3, iko kwa mwajiri.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.